Disketi Haikurudi Tupu

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Babu yako hajambo, bado anabishana na redio.

Unauliza kama umpe mwenzako kazi uliyoitengeneza kwenye kompyuta. Mie nilikuwa mpiga chapa Temeke kompyuta zilipoanza kuingia. Siku moja Bi Mwanahawa, mpinzani wangu wa ng'ambo ya barabara, alikuja kuniomba kadi ya harusi niliyoibuni, mteja wake anasubiri. Nilinuna, lakini nikamnakilia kwenye disketi. Ajabu ile! Sukari ukimpa jirani, kopo linapungua. Kadi nilimpa, na nikabaki nayo.

Kesho yake akairudisha disketi. Kuifungua, nikakuta kadi zake saba.

"Shoga, bakuli la jirani hurudishwa tupu?" akaniuliza.

Mpe mwenzio, mama. Na ile flashi yake uliyoniandikia kuwa umeiazima, irudishe na kitu ndani.

Bibi yako