Injini ya Muzafaru Haitaki Kuwaka

Mundika, Busia
Julai, 1978

Kwa kaka yangu Edris,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Nusura pamoja na watoto, na kwamba baridi ya Nakuru imekihurumia hicho kifua chako. Ukitaka kujua hali yangu, mwili ni mzima, nakula na kulala. Roho ndiyo imechoka. Nimechoka na chuma, kaka. Sikujua kwamba mtu anaweza kukichukia chuma kama anavyomchukia jirani mchokozi, lakini sasa najua.

Umeniuliza mbona nimekaa kimya tangu nilipokubali. Ni kweli nilikubali. Nilisema uje na yule mnunuzi wako wa Eldoret, aione mashine ya kusaga ikifanya kazi, ainunue injini na mawe yake, nami nifunge mizigo tuondoke wote kwenda kwako. Neno langu sikulibadilisha. Injini ndiyo iliyobadilika. Jibu langu hata halijakufikia, ikaanza kukataa kuwaka inavyotakiwa, na sijui ni mnunuzi gani atatoa pesa zake kwa kitu kinachokohoa.

Sikiliza ugonjwa wake. Ukizungusha hendeli inawaka vizuri tu, inatoa moshi, gurudumu linazunguka, unafurahi, unavuta mkanda, unamimina mahindi. Debe halijafika nusu, inaanza kuhema, inapiga chafya, inazimika. Ukiiacha ikapumzika inawaka tena, kana kwamba hakuna lililotokea. Kisha inazimika tena. Kama ingekufa kabisa ningejua imekufa, ningeiuza kama vyuma chakavu nikaja zangu. Hii inanidanganya kila asubuhi, na mimi kila asubuhi nakubali kudanganywa.

Nilimwita Ojakol, yule Mteso wa Malaba anayetengeneza malori yanayongoja kuvuka mpaka. Akaja na baiskeli yake, akainamisha sikio, akasema kuna hewa kwenye bomba la dizeli. Akalegeza nati, dizeli ikatoka na mapovu, akakaza. Injini ikawaka. Akanawa mikono, akaketi, mama mkwe wangu Hadijah akamletea chai na chapati. Kabla hajapanda baiskeli yake ikazimika. Akarudi akafungua chujio, akaliosha kwa petroli. Akafungua nozeli, akaisugua kwa brashi. Akafungua kifuniko cha tangi, akachungulia ndani, akanusa. Akafungua bomba, dizeli ikatiririka kama maji ya kisima, akaapa kwamba tangi halina ugonjwa. Ikawaka, ikazimika. Mwishowe akaniambia, "Mama, hii engine haiko na shida. Iko tu na kiburi." Kaka, spana ilikuwa karibu na mkono wangu. Mungu ndiye aliyemwokoa Ojakol.

Basi nikamtafuta mwingine, Opio, ambaye hutoka upande wa Uganda kwa njia za mashambani kwa sababu haelewani na askari wa mpakani. Huyu alipofika alicheka kwanza. Akasema Ojakol ni fundi wa kupaka grisi. Akaifungua injini yote, akaitandaza juu ya magunia, nami sikuamini kwamba vitu vile vyote vilikuwa vinakaa ndani ya kitu kimoja. Alipomaliza kuifunga zikabaki bolti chini. Nilipomwonyesha aliniambia, "Nnyabo," yaani mama kwa Kiganda, "hizo ni za spea," akazitia mfukoni. Ojakol akasikia habari hizo, akaja kuona. Wakagombana hapo mlangoni kwangu. Opio anasema dizeli ya Kenya imetiwa maji, Ojakol anasema dizeli mbaya ni ile ya magendo ya Uganda, na kwamba huko kwao hata sukari hakuna, sembuse dizeli safi. Mimi nikasimama katikati nimeshika debe la mahindi ya watu. Waligombania nchi zao mpaka jua likashuka, na injini hakuna aliyeigusa.

Wateja nao walichoka. Wengi sasa wanabeba mahindi yao mpaka kwa mashine nyingine kule Busibwabo. Wilkister peke yake ndiye aliyebaki, na huyo ni kwa sababu ya urafiki, maana unga wake umekwama mara kwa mara ukiwa nusu mahindi nusu unga. Alinieleza maneno ya akina mama kisimani: eti injini ina jini, eti inamtaka mwenyewe, haitasaga vizuri mpaka Muzafaru arudi aiguse kwa mkono wake. Nilimwambia awaambie waje wazungushe hilo hendeli wao, ndipo wazungumze habari za majini. Tangu mume wangu avuke Malaba na lori la sabuni na chumvi la kupeleka Mbale, mwaka juzi, asionekane tena, sina subira na watu wanaolitaja jina lake ili kupitisha muda.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa ametulia katika fujo hii yote, naye ni mama mkwe wangu. Mama Hadijah alikaa kwenye mkeka wake na tasbihi yake, akawapikia mafundi, akawauliza hali za watoto wao, na kila injini ilipozimika aliniambia niiache ipumzike, hata chuma huchoka. Utulivu wake uliniudhi kuliko ile injini. Unajua mtu anavyoudhi anapokuwa mpole wakati wewe unataka kupiga kitu.

Na lingine, kaka, nilikuwa siwezi kumtazama usoni. Uliandika kwamba nyumba yako haitoshi, kwamba yeye ana jamaa zake Tororo na huko ndiko atakakokwenda. Unajua kama mimi ninavyojua kwamba siku hizi watu wanatoka huko Uganda wakikimbia, hawaendi. Jamaa waliobaki ni watoto wa binamu yake, na hata haijulikani kama wapo. Muzafaru alikuwa mwanawe wa pekee, na sisi hatukujaliwa kumpa mjukuu. Hayo yote niliyajua, na bado nikakubali kwa sababu nilichoka kuwa mwanamke wa kungoja. Nikajiambia injini ikiwaka, mnunuzi akifika, ndipo nitatafuta maneno ya kumwambia. Kwa hiyo nilikuwa nasali injini iwake, na hapo hapo naogopa ikiwaka.

Alhamisi hasira zikanifika hapa. Nikaamua kwamba Opio amesema kweli, ni dizeli, na kwamba nitaichukua yote nikaimwage juu ya meza ya yule aliyeniuzia pale mjini. Nikamwita Wilkister, tukalifungua tangi kwa ile spana, tukalishika huku na huku na kuliinamisha juu ya karai. Dizeli ikamwagika vizuri, kisha ikawa nyembamba, kisha ikakatika ingawa tangi lilikuwa bado zito. Tukatikisa. Wilkister akatia kijiti kwenye tundu akasukuma, tukaligeuza upande wa kifuniko, na kitu kikadondoka kwenye karai. Kilikuwa kifurushi kidogo cha kitambaa cheusi, kimeshonwa pande zote kwa mkono na kupakwa nta ili kisilowe.

Hapo mambo yote yakanijia kwa mara moja. Injini ikivuta dizeli, kifurushi nacho kinavutwa taratibu mpaka kinaziba tundu. Injini inakosa chakula, inazimika. Ikishazimika hakuna kinachovuta, kifurushi kinaelea zake, na fundi akifungua bomba anaona dizeli inatiririka, anaapa kwa Mungu kwamba tangi halina ugonjwa. Na wala sikuhitaji kuuliza ni kitu gani. Mwislamu gani asiyeijua hirizi? Wala sikuhitaji kuuliza ni ya nani, maana katika nyumba hii tupo wawili tu.

Niliingia ndani dizeli ikichuruzika mikononi. Sitaki kukuficha, nilipiga kelele. Nilimwambia Mama Hadijah kwamba ameniaibisha mbele ya mafundi, kwamba wateja wamenikimbia, na kwamba anaweza kutia hirizi katika kila tangi la Kenya na Uganda na Muzafaru hatarudi. Amekufa, nikasema. Neno hilo lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba hii hata siku moja. Wilkister aliyekuwa mlangoni alijifunika uso kwa leso yake.

Mama Hadijah hakulia. Aliniambia nifute mikono nisiharibu kanga. Kisha akasema, "Muzafaru mimi nilishamwachia Mungu zamani, mwanangu. Hiyo si yake. Hiyo ni yako."

Akanieleza, kaka, bila haraka. Siku niliyompasulia Wilkister siri yangu, kwamba nauza mashine na kwenda Nakuru, injini ilikuwa inaunguruma, na kando ya injini siri husemwa kwa kupiga kelele. Yeye alikuwa nyuma ya ukuta anachambua mchicha. Alisikia kila neno, pamoja na Tororo. Akajifunga buibui lake akaenda mjini kwa mwalimu, akaomba hirizi ya mtu asiondoke, ikaandikwa jina langu na jina la mama yetu kama ilivyo desturi. Mwalimu akamwambia aiweke katika kitu ninachokigusa kila siku. Alifikiria kitanda, akafikiria sufuria, akaona kwamba mimi ninachokishika kutwa nzima ni injini. Habari za tundu na bomba hakuzijua hata kidogo. Injini ilipoanza kuzimika yeye aliona dua imepokelewa, akamshukuru Mungu, akawakaangia mafundi chapati kwa furaha.

Nilitaka kuendelea kukasirika. Nilikuwa na haki yangu ya kukasirika na nilikuwa bado sijaimaliza. Lakini nilikaa chini kwenye ule mkeka na dizeli yangu, nikalia kwa sauti kama mtoto, naye akanishika kichwa akinikumbusha tena habari za kanga. Nililia kwa ajili ya Muzafaru, na kwa aibu pia. Huyu mama alijua kwamba ninamwacha, na kila asubuhi bado alinichemshia maji ya kuoga.

Tulilirudisha tangi mchana ule ule. Injini iliwaka kwa mzunguko wa kwanza na haikuzimika mpaka nilipoizima mwenyewe jioni. Wilkister alisaga gunia zima, akapiga vigelegele. Nilipotazama ndani nilimwona Mama Hadijah ameketi na tasbihi yake, hahesabu, anasikiliza tu ile sauti. Aliniuliza, "Kaka yako anakuja lini na mnunuzi?" Nikamwambia kwamba mnunuzi haji.

Basi hilo ndilo ninalokuandikia, kaka. Siuzi. Usimlete mtu wa Eldoret, na kama umeshampa ahadi, mwambie dada yako amekosa akili, sitakasirika. Wewe ni mkubwa wangu na ulinitakia mema, nami nilikubali kwa kinywa changu, kwa hiyo kosa ni langu. Lakini mimi ndiye niliyebaki kwake, na huko Tororo sitampeleka. Huyo mwalimu wa mjini, kusema kweli, anaijua kazi yake. Hirizi nimeitoa kwenye tangi na bado sioni mlango wa kuondokea.

Nisalimie sana wifi Nusura, mwambie ile kanga aliyoniahidi bado naingoja, hasa sasa, maana yangu imeharibika. Wabusu watoto, waambie shangazi yao atawatumia unga wa wimbi akipata mtu anayekuja huko. Mama Hadijah naye anakusalimu sana na kukuombea kifua chako. Amenitaka niandike kwamba anamwomba radhi huyo mnunuzi kwa usumbufu. Nilimwambia aniombe radhi mimi kwanza. Akasema mimi haniombi, kwa sababu hajutii.

Ni mimi dada yako,
Aidah