Kikopo Nilichokiandika Namba Mwenyewe

Mikumi,
Jumapili, baada ya alasiri

Mke wangu Mama Mwajuma,

Assalaam alaikum. Hujambo? Kile kiuno kinakusumbua bado? Barua hii usimpe Mwajuma akusomee, soma mwenyewe polepole. Mimi kwa uwezo wa Mungu nakula, nasali, mwili hauumi popote. Na hilo ndilo lililonishangaza.

Unajua kazi yangu hapa zahanati ni kuandika namba kwenye vikopo vya mkojo. Wanaoumwa huja wenyewe. Wazima tunawafuata majumbani, kutafuta ugonjwa wa zinaa uitwao klamidia. Mwanzo wazima walitushinda. Unatakiwa mkojo wa kwanza wa kuamkia, nasi tukifika saa mbili kila mtu ameshakojoa na kutia udhu wa alfajiri. Nikasema tuwaachie vikopo tangu jioni. Daktari akacheka, akasema mzee leo umetufundisha. Nami nikajaza changu, niwe mfano.

Juzi bwana maabara akaniita nichungulie darubini yake. Mke wangu, sijui nikuelezeje. Kwenye giza la kioo kilichotiwa mkojo kulikuwa na nukta za kijani zinawaka kama vimulimuli bondeni wakati wa masika. Kila nukta ni mdudu. Kioo cha mtu wa majumbani kilikuwa na nukta mbili tatu. Cha mgonjwa aliyekuja analia kwa uchungu wa kukojoa kilijaa. Akaweka cha tatu, nacho kimejaa vilevile.

"Huyu hakuja akiumwa," akasema. "Hasikii kitu."

Nikasoma namba pembeni. Ni yangu. Subhanallah, umati wote ule ndani yangu, nami nilidhani mwili usiouma ni mwili safi.

Nimemwambia daktari, nimeshakunywa dawa. Akauliza habari zako. Mama Mwajuma, msimu ule nilipokwenda kukata miwa Ruaha nililala na mwanamke mwingine. Kwa Mungu nilitubu, kwako nilinyamaza. Hayo maumivu ya kiuno na ya chini ya kitovu ambayo tulisema ni jembe, huenda nilikuletea mimi.

Usijitibu kwa vile vidonge vya rangi mbili vilivyojaa madukani siku hizi. Nenda hospitali Kilosa ukapimwe, au njoo hapa. Sitakugusa mpaka upone. Baada ya hapo, kunipokea au kutonipokea ni shauri lako.

Mama mpe shikamoo yangu. Dada anayekusaidia kupalilia msalimie, na Mwajuma mwambie baba yake anamwombea mitihani.

Nimefunga virago nirudi nyumbani, ila sitapanda gari bila neno lako. Naomba unijibu upesi.

Mumeo,
Baba Mwajuma