Shingo ya Chui

Nyumbani kwa Mama Esi,
Ankwandze.
19 Julai

Mpendwa Kaka Kobina,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Abidjan? Wifi hajambo? Na lile goti lako linalouma kila mvua ikinyesha? Sisi tuko salama, ila Mama ana kikohozi, na mimi silali vizuri. Sababu utaisoma.

Nimeamua kuandika kwa kuwa kwenye simu umezoea kunikatiza. Barua huwezi kuikatiza.

Mvua za mwaka huu zimetupiga kweli. Zilipopungua, sisi wa Kikosi cha Kwanza, kikosi cha jadi cha baba zetu, tukatoka kama kila mwaka kuzisugua sanamu zetu za saruji, kuziba nyufa na kupaka rangi kabla ya sikukuu ya kufyeka njia. Tukakuta kichwa cha chui kiko chini. Kaka, chui wetu hana kichwa, na yule mbuzi aliye chini ya makucha yake yupo mzima, anatukodolea macho!

Kikosi cha Pili, wanaojua tangu enzi za babu kwamba kwa mbuzi yule tunawakejeli wao, wamefurahi kupita kiasi. Jana sokoni muuza kenkey mmoja, akifunga madonge yake ya mahindi, alinipigia kelele, "We Araba! Chui wenu siku hizi anakula kwa kutumia nini?" Soko zima likacheka. Hata mimi ningecheka, kama si Ato.

Unajua mwanangu ni wa Kikosi cha Pili, kwa kuwa anafuata kikosi cha baba yake. Asubuhi ile alionekana akipita pale na nyundo, akienda zake kwenye ujenzi. Basi, imetosha. Vijana wetu wanasema ndiye aliyevunja. Wameapa kwamba siku ya sikukuu akitia mguu barabarani na wenzake, atarudishwa nyumbani amebebwa. Nimemsihi asitoke. Akanijibu, "Mama, nikijificha si nitakuwa nimekubali?" Ana kichwa kigumu kama chako. Naogopa, kaka.

Nilikwenda kuitazama ile shingo mwenyewe. Nondo ya ndani imeliwa na kutu, imebaki nyembamba kama njiti. Na ndani kabisa ya ufa kuna rangi. Ile nyekundu ya mwaka jana, uliyokuja nayo wewe. Rangi ingefikaje huko kama ufa ungezibwa kwanza?

Nikamwita Supi Otoo, mkuu wetu wa kikosi, aone. Aliinama pale muda mrefu. Mwishowe akasema, "Araba, shingo hii aliishughulikia Kobina peke yake, akatufukuza sote. Aandike mwenyewe alichofanya, kwa mkono wake. Nitaisoma barua yake mbele ya ngoma ya kikosi, wote wakisikia, na hakuna atakayemgusa mwanao. Bila hivyo, vijana hawa siwawezi."

Najua ninachokuomba. Sikukuu hii ndiyo unayotarajiwa kusimikwa kuwa kapteni wa kikosi, tena kwa kazi hiyo hiyo ya mwaka jana. Mama ameshakushonea nguo, anaikunjua kila jioni na kuikunja tena. Ukisema ulipaka rangi juu ya ufa, hutasimikwa, na Kikosi cha Pili watakutungia wimbo. Nina hasira nawe, na nakuonea huruma, yote pamoja. Lakini wimbo hauvunji mtu mbavu. Na Ato ni mtoto wa dada yako. Kwa desturi yetu, ndiye atakayekurithi.

Barua hii anakuletea Maame Adwoa, yule wa samaki wa kukausha. Atarudi huku kabla ya sikukuu. Mpe jibu mkononi, usimtume mtu.

Mama anakusalimu, na Supi pia, ingawa amenuna. Msalimie sana wifi na watoto. Mungu akulinde, akupe na moyo wa kushika kalamu.

Ato naye anakusalimu. Hajui ninachokuandikia. Hata juzi, walipokuwa wakimtukana, aliwaambia hawezi kuvunja chui yule, kwa sababu mjomba wake ndiye aliyemtengeneza.

Dada yako anayekupenda na kukungoja,
Araba