Damu ya Fizi Niliyokufundisha Kuiogopa

Wifi yangu Leokadia,

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima hapa Munanila alisema barua ya kwanza kila mtu amwandikie anayemkumbuka. Wenzangu wamewaandikia waume zao walioko mashamba ya mkonge. Mimi nimekuandikia wewe, na naona haya.

Mimba yako ilipofika mwezi wa tano, fizi zikaanza kutoka damu. Uliniuliza, nami nikajifanya mjuzi kwa kuwa nimezaa watatu. Nikakwambia uache mswaki, kwamba damu ile ni ya mtoto, usiimwage. Ukanitii. Fizi zikavimba, mdomo ukaanza kunuka. Na mimi huyo huyo, tulipokizunguka chungu cha pombe ya ndizi, nikakunyima mrija wangu wa kunywea mbele za watu. Ukacheka kidogo, ukajifunika mdomo kwa kanga. Jirani yetu Mama Bibiana ndiye aliyekupa wake.

Shavu lilipovimba hadi shingoni hukuniambia. Ungeniambiaje? Tulipokufikisha hospitali ya Kasulu hukuweza kumeza hata mate. Mtoto akaja kabla ya miezi yake, nawe ukaondoka duniani kesho yake. Muuguzi akanieleza kwa upole kwamba mimba hulegeza fizi, na fizi zikioza humdhuru mama na aliye tumboni. Kwamba ulipaswa kupiga mswaki taratibu kila siku na kusukutua kwa maji ya chumvi. Chumvi tu, wifi, na Uvinza inakotoka chumvi si mbali. Nikaitikia kama mtu asiyehusika.

Mwanao yu hai. Ni msichana, mdogo wa mwili, lakini kwa maziwa hana mchezo.

Ila kaka yangu, mumeo, anasema ulirogwa kwa mrija ule. Jumapili ukoo unakaa ili Mama Bibiana afukuzwe kijijini. Miezi yote hii nimenyamaza. Nikikutana naye kisimani ananisalimia vizuri, nami namtazama miguu.

Lala salama, Leokadia. Jumapili nitasimama mbele yao niseme aliyekukataza mswaki ni mimi, na aliyekutia aibu ukaficha ugonjwa ni mimi. Kaka akitaka kunifukuza, anifukuze. Nakuahidi sitalia, wasije wakanihurumia.

Wifi yako,
Teresia