Sauti Yako Kooni Mwangu

Mama,

Shikamoo. Leo asubuhi nimekuamkia kwa sauti, niko peke yangu mbele ya cherehani, na hukuitikia. Miezi michache nyuma ungeitikia. Nilikuwa nikisema shikamoo, na koo hilihili langu linajibu "marahaba" kwa sauti yako, ile nzito ya kukwaruza, mpaka mwili unanisisimka. Ndiyo maana ninakuandikia. Nadhani nimekufukuza, Mama, na ningependa ujue kwa nini.

Ulituacha Julai, Mgeta yote imefunikwa na ukungu. Tulikukuta umekaa jikoni na masweta mawili, moto unawaka miguuni pako, mikono yako baridi. Mama mkubwa aliyekuosha alinivuta pembeni akasema baridi ile haikuwa ya siku moja. Hatukuuliza zaidi. Kule kwetu milimani nani hana sweta? Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema Bibi naye alikufa akiota moto, na hatukuona ajabu.

Halafu matangani akaja mtani wetu, kama ilivyo desturi ya msiba, kukuigiza kwa vituko vyake. Alivaa sweta lako, akajifunga kanga tatu juu yake, akajikokota uani hatua kwa hatua, akaomba chai kwa sauti ya kiume, akasinzia na kikombe mkononi. Nyusi zake kazipaka majivu nchani, maana zako zilikuwa zimenyonyoka. Watu walicheka mpaka machozi. Hata mimi nilicheka, Mama. Nisamehe.

Siku ya kumaliza matanga, Mjomba Shabani, kaka yako, alinivika sweta lilelile mbele ya ukoo wote akatangaza kwamba nimerithi jina lako. Tangu hapo akawa ananiita dada, kama ilivyo desturi yetu.

Ikafika Januari. Unaijua Msamvu huku kwangu mjini na joto lake, watu wanajipepea kwa vipande vya maboksi, na mimi nashona nimevaa sweta. Wateja wakanitania, nikawajibu hovyo. Uso ukavimba. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Siku moja nikapita mbele ya kioo cha wateja nikakuona umevaa gauni langu. Nilisimama pale mpaka miguu ikachoka. Niliogopa, sikufichi, lakini chini ya ule woga nilifurahi.

Nikampigia Mjomba. Nilipomsalimu tu, kwa sauti yako ile nzito, akauliza taratibu, "Dada, umefika salama?" Nami nikajibu, "Nimefika." Mpaka leo sijui nani alijibu.

Rehema, fundi mwenzangu, ndiye aliyenikokota hospitali, siku niliposhona mikono yote miwili ya blauzi upande mmoja. Daktari akaanza kuniuliza. Unasikia baridi wenzako wakiona joto? Usingizi je? Sauti imebadilika lini? Nyusi hizi zilikuwa hivi? Mama, kila alichouliza nilikiona kwa yule mtani pale uani. Alikuwa ametuonyesha ugonjwa wako wote, mwanzo mpaka mwisho, na sisi tukamtuza kwa vicheko.

Damu ikapimwa. Tezi ya shingo imelegea, haifanyi kazi yake, na mwili mzima unazimika pole pole. Nikamweleza daktari habari zako na za Bibi. Akasema hawezi kumpima aliye kaburini, lakini kwenye karatasi yangu aliandika neno "ukoo" akalipigia mstari. Akanipa vidonge vidogo vyeupe, kimoja kila asubuhi kwa maji matupu, kisha nikae nusu saa ndipo ninywe chai. Maisha yangu yote.

Sikumeza. Nilivitia kwenye kopo lako la ugoro nikalifunika. Kumeza kidonge ilikuwa sawa na kukuambia toka, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimekupata tena. Wiki tatu nilikaa hivyo, nazidi kupoa, nazidi kuwa wewe.

Kisha Zuhura wangu akarudi likizo kutoka chuoni. Mchana kweupe, jua la Machi linawaka, mwanangu amevaa soksi, amejikunyata kwenye jiko la mkaa. Akaniuliza, "Mama, mbona nyumba hii ina baridi?" Nikampigia Mjomba. Yeye alifurahi. Akasema, "Usihofu, dada. Jina limeshaanza kumzoea."

Mimi nilikuwa tayari, lakini si mwanangu. Kesho yake asubuhi nilifungua kopo nikameza.

Haikuwa kama kuwasha taa. Wiki zilipita kabla sijavua sweta, na sauti yako ilinitoka kidogo kidogo, neno moja moja, kama mgeni anayekusanya vitu vyake bila haraka. Ijumaa iliyopita nikampigia Mjomba. "Nani mwenzangu?" akauliza. Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Dada yuko wapi?"

"Ameondoka, Mjomba. Nimemruhusu."

Tulilia wote wawili, kila mtu na simu yake.

Jana majibu ya Zuhura yalitoka. Kwake nako ugonjwa umeanza. Ana miaka ishirini tu, Mama, na nyusi zake ni zako. Lakini umeanza na tumeujua, na hakuna mtu atakayemvika sweta akamwambia ni heshima.

Leo tumemeza pamoja, yeye na mimi, kwa maji matupu. Chai imefunikwa mezani. Nusu saa ile tumekaa tukikutaja wewe, maharage yako ya Mgeta, ulivyokuwa ukisinzia katikati ya hadithi ukaamka ukaimalizia. Tutafanya hivyo kila asubuhi, nakuahidi. Ukitaka kuja, njoo saa hiyo, ukae nasi mpaka chai. Makoo yetu tuachie.

Pumzika, Mama. Mungu akupe joto huko uliko.

Mwanao,
Tatu