Maoni ya Mize

Jumatatu, 9 Septemba 2024
Bosi wangu wa ustawi wa jamii kanikabidhi faili la Mize, miaka kumi na nne, wa kisiwa cha Juani. Hajaenda shule tangu Machi. Mwalimu wake kaandika: ana kiburi, haitikii akiitwa. Nifanye tathmini kamili – afya, elimu, usalama, nyumbani – iwe mezani Ijumaa. Nina miezi mitatu kazini. Sijawahi kufanya peke yangu.

Jumatano, 11 Septemba
Nimevuka hadi Juani. Mize anaishi na bibi yake, Bi Biubwa, ambaye haoni kabisa. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba, akasema, umekuja kumchukua? Nikasema hapana, nimekuja kuzungumza tu. Sina hakika kama nilisema kweli.

Mize alikuwa anaosha vyombo, kanipa kisogo. Nikapita nyuma yake, nikapiga teke sinia kwa bahati mbaya. Kelele! Bibi alishtuka. Mize hata hakugeuka.

Kiburi gani? Mtoto hasikii.

Bibi akakiri. Ni tangu ile homa ya Februari. Hakumwambia mtu, aliogopa watampeleka bara.

Alhamisi, 12 Septemba
Asubuhi Tekla, niliyesoma naye chuo, kanipigia. Shule ya viziwi anakofundisha imebaki na nafasi moja ya bweni. Jibu kesho. Nimerudi Juani mbio. Fomu ya tathmini ina sehemu ya maoni ya mtoto, na mimi sijapata hata neno lake.

Nilipomweleza, Bi Biubwa kaniuliza: akienda, nani atanishika mkono kwenda chooni?

Nikamwandikia Mize kwenye karatasi: shule, bweni, wanafundisha kwa ishara. Unataka? Akasoma mara mbili. Akamtazama bibi yake. Akaandika:

“Nataka. Lakini bibi asijue nimetaka mwenyewe. Mwambie ni serikali.”

Bibi akauliza, kaandika nini? Nikasema bado anafikiri. Akaomba karatasi, aushike tu mwandiko wa mjukuu wake. Nikampa – haoni, nikajua haina neno. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Sasa niko uani, najifanya najaza fomu. Mize kaketi ubavuni kwangu, anachambua mchele. Ndani bibi anamwita jirani, Muhidini, aje amsomee karatasi. Anaita kwa sauti kubwa. Mize hainui hata kichwa.

Muhidini anavua viatu mlangoni.