Patasi Zako Zimeshika Kutu

Ihanja, asubuhi

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini ningeanza bila shikamoo ungeninunia.

Patasi zako zimeshika kutu. Nakuambia mapema nisije nikazungukazunguka. Randa ina madoa, na msumeno mkubwa umekuwa mwekundu meno yote. Tangu utuache tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, na sanduku lako la useremala sasa ni mali ya kijiji. Mwenyekiti alinikabidhi mimi ufunguo wa ghala, akasema mtoto wa fundi atajua kutunza. Nikavimba kichwa, Baba. Si unanijua?

Uliyonifundisha niliyakumbuka: futa kwanza, paka mafuta ya nyonyo kidogo, funga kwa kitambaa kikavu, weka mbali na ardhi. Nikigusa chuma kwa mkono wa jasho ulikuwa unafoka, "Mkono wako una chumvi, wewe!" halafu unacheka.

Lakini minyonyo yetu tuliiacha kule mahameni, tulikohamishwa. Mafuta yakaisha, na kila kitambaa nilikuwa nimewashonea watoto. Nikachukua magunia matupu jikoni kwangu, nikayakung'uta, nikafungia zana zako humo. Mvua zikaja.

Juzi nilifungua. Nililia palepale mlangoni. Mwenyekiti akaja, akatazama, akasema hii ni hujuma. Wote wakamfikiria Mzee Njiku, rafiki yako, kwa sababu alikataa kuhama mpaka nyumba yake ikabomolewa, na kwa sababu aliingia ghalani kurudisha tezo aliyoazima siku chache kabla ya mvua. Wanasema alizimwagia zana maji. Leo kuna mkutano, na baada ya mkutano atapelekwa tarafani.

Jana niliyarudia yale magunia. Yalikuwa mabichi ingawa paa la ghala halivuji; sikuelewa, nikalamba moja. Chumvi, Baba! Ile ya ziwani aliyoleta mama mkwe mwaka jana ndani ya magunia hayohayo. Muda wote wa mvua imekuwa ikivuta unyevu na kuuweka juu ya chuma chako. Hakuna aliyemwaga maji. Ni mimi.

Nilikimbia kwa mwenyekiti nikamweleza yote. Akanitazama, akasema, "Nyamaza, mama. Taarifa imeshafika tarafani. Unataka nionekane mjinga?" Nikarudi nyumbani. Nikapika, nikala, nikanyamaza kweli. Najichukia kwa hilo. Mzee Njiku ndiye aliyekuchongea jeneza kwa patasi hizihizi, na hakutaka hata kikombe cha togwa.

Naogopa. Watanipokonya ufunguo, hilo si kitu. Naogopa wataniita mimi mhujumu, na wanangu watasikia. Mwenyekiti naye hatanisahau.

Watu wameanza kukusanyika. Namwona Mzee Njiku kutoka dirishani, amekaa peke yake juu ya jiwe. Amevaa koti lake la kanisani na amefunga kifurushi cha nguo. Ameshajiandaa kwenda, Baba. Hajamwuliza mtu yeyote kosa lake.

Kwaheri. Zana nitazisugua kwa mchanga laini na mafuta, hata kama madoa mengine hayatatoka. Lakini hilo litasubiri. Nakuahidi nitasimama kabla jina lake halijasomwa. Usiniombee nisamehewe. Niombee sauti isinikatike.

Mwanao,
Anjelina